Kimya Changu na Vipepeo wa Mjohoro

Tangu watu wa posa walete salamu, nilikatazwa kwenda hata kisimani. Bibi alisema mwali anayeposwa haonekani ovyo. Basi nikawa nashinda chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa wavu wa mbu, natazama mjohoro ulio nyuma ya jiko letu hapa Mpapura. Pale nje vipepeo walikuwa wanaposana kila siku.

Madume walikuwa weupe. Jua likikolea walianza kuzunguka mti, wakivamia kila kilicho cha manjano, hata jani lililozeeka, maana baadhi ya majike wana rangi hiyo. Nilicheka peke yangu. Halafu siku moja jike alitua jirani kabisa na wavu. Dume akamzonga, akawa anampigia mabawa kichwani. Yule jike hakuruka. Alitandaza mabawa, akainua tumbo juu, akatulia hivyohivyo. Dume akahangaika weee, akaondoka. Mwalimu wa baiolojia aliwahi kutuambia kwamba ndivyo anavyokataa jike aliyekwishapata mwenzake. Darasa zima liliangua kicheko, mimi nikainama.

Mimi kukataa sijui. Shuleni hata swali ninalolijua nilikuwa nanyamaza, mpaka wakaniita Bubu. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na ninachotaka ni kidato cha tano. Mposaji ana duka Mikindani, mtu mpole, sina baya la kumsema. Ila kwetu mwali halazimiki kutamka kwamba anataka. Anaulizwa, na akinyamaza, ndiyo ridhaa yake. Kwa mtu kama mimi, jibu lilikuwa limeshatoka kabla ya swali.

Ijumaa baada ya swala wageni wakaketi sebuleni. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetumwa kuniuliza. Akauliza. Alisubiri kidogo, akatabasamu, akageukia mlango.

"Sitaki, shangazi."

"Umekohoa?"

"Sitaki. Nataka shule."

Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kinaongea. Kule sebuleni mjomba aliuliza kwa utani kama mwali amepitiwa na usingizi, watu wakacheka. Shangazi angeweza kuwaambia lolote. Mimi nisingetoka kumkanusha, na yeye alilijua hilo. Alijitanda upya mtandio, akaenda. Nikamsikia akisema, "Mwali hakunyamaza."

Vikombe vikatulia. Baba akawaomba wageni radhi, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Mpaka leo hajanisemesha. Bibi anasema nisitoke bado, watu watauliza. Shangazi amerudi kwake Chuno, hakuaga vizuri. Nami nipo chumba kilekile. Matokeo yakiwa mabaya posa itarudi, na safari hiyo hawatamtuma shangazi.