Mkono wa Kushoto wa Baba

Kwa nini baba alininyooshea mkono wa kushoto, ule mzima, kila nilipokaa kumkanda ule wa kulia uliopooza?

Aliyeniuliza hivyo ni shangazi, dada yake baba, ambaye kijiji kizima cha Kulesa kilimjua kwa kukanda: wanawake waliojifungua, vifundo vilivyoteguka, migongo ya wavunaji wa mpunga. Nilisema ni mazoea tu.

Kiharusi kilimpata baba shambani, kwenye migomba, kikamwachia nusu ya mwili na neno moja, "haya", alilolitumia kwa kila kitu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na siamini jambo lolote nisiloelezwa sababu yake. Shangazi alikuja kila asubuhi na chupa ya mafuta ya simsim. Alianza na upande mzima, begani hadi kwenye kucha, bila haraka, akimpa habari za kijiji, ndipo avuke kwenda upande mgonjwa.

"Shangazi, huo mkono hauna shida," nilimwambia.

"Kwa hiyo usiguswe?"

"Unapoteza muda. Ugonjwa uko huku."

"Miaka yote hiyo chuoni, mwanangu, na bado unataka kumkanda baba yako kwa kuangalia simu!"

Ni kweli, nilikuwa na video zangu za kukanda wagonjwa wa kiharusi. Siku ya nne nilimwomba aniachie kazi hiyo. Alifunga chupa, akaniwekea mapajani. "Haya, daktari," akasema, akaenda zake.

Nilimkanda baba miezi saba, upande wa kulia tu. Kidole kimoja kimoja, kifundo, kiwiko. Na nilikuwa na ushahidi: nikiminya kiganja, vidole vilijikunja taratibu vikanishika. Nilimwita mama aje aone.

"Amenishika! Mama, tazama, amenishika!"

Mama alilia. Baba alikuwa akitazama makuti ya paa. Kisha mkono wa kushoto ukaja juu ya shuka, ukipapasa, ukanifikia kiwikoni.

"Si huo, Baba." Nikaurudisha chini ya shuka.

"Haya," akasema.

Siku moja chai ya moto ilimmwagikia kiganja cha kulia, ngozi ikatoka malengelenge. Hakukunja hata uso. Nilimsifu kwa uvumilivu.

Mkono haukurudi. Mwezi wa nane wa ugonjwa wake aliacha kuninyooshea hata ule wa kushoto. Aligeukia ukutani akakaa hivyo, na mafuriko ya mto yalikuwa bado hayajapungua tulipomzika.

Miaka miwili baadaye goti la shangazi lilivimba, nikampeleka mjini Garsen kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mpole aliyefanya kazi huku akisikiliza. Nikamsimulia kuhusu vidole vile, na uvumilivu wa baba siku ya chai. Sijui nilitaka nini, labda kusifiwa. Aliuliza jambo moja tu: chai ilipommwagikia, alishtuka?

"Hapana."

Shangazi aliinamia goti lake, hakunitazama.

Yule mama akanieleza kwamba vidole vya mkono uliopooza vinaweza kujikunja vyenyewe kiganja kikiminywa, mwenyewe asijue. Kwa miezi yote ile saba, baba hakuwa amehisi mkono wangu ukimkanda hata mara moja.