Sululu Aliyekosa Msafara

Wiki iliyopita mwangalizi wa jengo letu hapa Troyeville, mtaa wa ugenini huku kusini, alikuja na ngazi na ufagio mrefu kuangua viota vya mbayuwayu kwenye baraza yangu. Nasema yangu kwa sababu mlango unaotazamana nayo ni wangu, na maji ya kuidekia nachota mimi. Mwezi wa nne umeingia, ndugu yangu. Asubuhi zimeanza kuuma vidole. Mbayuwayu wengine wameshajipanga kwenye nyaya za umeme kama abiria, lakini kiota kimoja juu ya dirisha langu bado kina makinda, waliochelewa kuanguliwa, wanalia kutwa nzima kuomba chakula.

Nikamwambia ateremshe ngazi. Kijana ni Mkongo wa Lubumbashi, ana adabu, hata ufagio aliuficha nyuma ya mgongo.

"Mama, ile ni order ya patron," akasema. "Banasema ndege beko banachafula ukuta."

"Mwambie patron wako, huyo mwenye jengo, makinda hawajaota mabawa."

"Eish, Mama. Patron hataki kujua mabawa."

Akaondoka, ngazi akaiacha imeegemea ukuta. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ni ndege tu. Kiswahili anakisikia vizuri, ila mdomo wake hautaki kukitoa. Yale maneno ya kutotaka kujua mabawa yalikuwa yameniganda masikioni, kwa sababu niliwahi kuyasikia, kwa sauti nyingine, nilipokuwa mtoto wa miaka kama tisa. Hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo. Wengine hurithi mashamba.

Kwetu ni mji mdogo wa bandari, kusini kabisa ya Tanzania, mahali ambapo ukivuka mto uko Msumbiji. Kulikuwa na gati moja, ghala moja la korosho, na winchi iliyolia kama mtu anayeumwa jino. Harufu ya mji ilikuwa ya magunia, chumvi na matope. Usikunje pua ukisikia matope. Matope yale ndiyo yaliyotulisha. Mimi nililelewa na bibi yangu, mama yake mama, na shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo elimu yangu nyingine yote niliipata nikiwa nimeinama, ndoo mkononi, maji yakiwa yamekupwa, tukifukua chaza na kombe pamoja na wanawake wa mtaani.

Kaskazi ilipokuwa inakaribia kwisha, matope yalijaa ndege kama uwanja wa Idi. Vitwitwi, wale wadogo wenye miguu kama njiti, walikimbia huku na huko wakifuata ukingo wa maji, wakirudi nyuma kila wimbi likija, kama watoto wanaoogopa kulowesha nguo mpya. Buabua walijirusha majini kama mawe. Na walikuwapo sululu, wakubwa, rangi ya majani makavu, mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini kama ile sululu ya kuchimbia. Hao walitembea taratibu, wakichomeka mdomo kwenye tundu la kaa na kumtoa kama fundi anayechomoa msumari.

Sisi hatukuwatazama ndege kwa starehe, na darubini hatukuwa nayo. Bibi aliwatazama kwa sababu walijua chakula kiko wapi. Lakini ukimtazama kiumbe kila siku, utamjua tu, utake usitake. Bibi alijua nani amenenepa na nani bado. Sululu akikimbia kifua kikatikisika, alisema, "Huyo keshafunga mzigo." Kisha tukajua siku za kuondoka zimefika, na wanawake wakaacha kuchimba ule ukanda wa matope ulio chini ya ukuta wa gati. Ukanda ule ulikuwa mnono kuliko wote. Tuliuita fungu la msafiri, na katika majuma yale ya mwisho hakuna aliyetia jembe pale. Waliachiwa ndege wale washibe.

Utasema ni ushirikina. Sema upendavyo. Katika mji wa bandari kila mtu ametoka mahali au anakwenda mahali. Makuli wa gati, walimu waliopangiwa kazi kule, watu waliokimbia vita ng'ambo ya mto. Aliyekuwa anapanda meli alipewa pamba, chakula cha njiani: mkate wa muhogo, korosho za kukaanga, samaki mkavu ndani ya jani. Alipewa hata kama mlikuwa mmenuniana. Bibi alikuwa na neno lake: mwenye safari haulizwi, hupewa pamba. Mwaka mmoja mwanamke wa mtaa wa pili alichimba pale ukutani kwa siri. Hakupigwa wala kushtakiwa. Alipewa jina tu, Mla Pamba za Watu, akaitwa hivyo sokoni, kisimani, mpaka msibani.

Sasa nikupeleke kwenye jambo lenyewe.

Miaka ile vita vya jirani zetu vilikuwa vimepamba moto, na katibu wetu wa tawi alitangaza kila mkutano kwamba kila raia awe jicho. Ndipo asubuhi moja jirani yetu, mshona nyavu, akamkuta sululu amenaswa kwenye nyavu alizoanika juu ya ukuta wa gati. Alikuwa anamkatia nyuzi amwachie, akaona mguuni pete. Pete ya chuma, nyembamba, ina herufi za kizungu na namba. Jirani yetu alikuwa mtu mwema sana, na matatizo mengi ya dunia hii huripotiwa na watu wema. Akamfunga yule ndege kwenye shati lake, akampeleka kwa katibu.

Katibu akatamka kwamba ndege huyu ametumwa. Akamtia ndani ya tenga la kuku, akaliweka chini ya meza ofisini, akaagiza mgambo asimame mlangoni. Nakuapia, mgambo na rungu, kwa ajili ya ndege.

Bibi alipopata habari alikuwa na matope mpaka magotini. Hakunawa. Alinishika mkono tukaenda hivyo hivyo, tukaacha nyayo kwenye sakafu ya ofisi iliyokuwa imepigwa dawa nyekundu.

"Mwanangu," akamwambia katibu, maana alimzidi umri kwa mbali, "siku za hawa zimefika. Mfungulie aende na wenzake."

"Ana namba, Bibi. Kitu chenye namba kina mwenyewe."

"Hata punda wa forodhani ana namba, na hajampeleleza mtu."

Mgambo akacheka. Katibu hakucheka. Akasema afisa wa mkoa ataletwa amkague, na mpaka hapo ndege ni mali ya uchunguzi. Bibi akamweleza kwamba wenzake hawatamngoja, wanaondoka kwa pamoja, na akiachwa hana njia ya peke yake. Katibu akafungua faili lisilohusika na chochote, akalitazama.

"Mimi sishughuliki na safari za ndege," akasema. "Nashughulika na pete."

Maneno hayo ndiyo niliyoyasikia tena hapa Troyeville. Mtu akishaamua kushughulika na pete, mguu haumhusu tena.

Kuanzia siku ile kazi yangu ikawa kupeleka vikaa na chango wa matopeni kwenye kibati, kumlisha mfungwa. Mgambo alinipisha, naye akinilalamikia kwamba serikali humpa mshahara alinde nyama isiyojaa hata sahani. Sululu alikula, kwa shida, mdomo ule mrefu ukigonga fito za tenga. Jicho lake lilikuwa jeusi, halikunitazama mimi. Lilitazama dirisha.

Kule nje ndege walikuwa wanazidi kupungua. Vitwitwi walitangulia. Kisha alasiri moja, maji yakijaa, sululu wote wakakusanyika kwenye lile fungu la msafiri na kuanza kupiga kelele zao, ule mlio wa haraka kama mtu anayecheka kwa kigugumizi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya tenga, kibati mkononi. Ndege wangu akasimama wima. Akaitika. Wale wa nje wakalia, naye akaitika tena, na mgambo akaacha kufanya mzaha akatazama chini. Nikatoka mbio mlangoni. Wakainuka, wakazunguka juu ya ghala la korosho mara moja, wakajinyoosha kuwa mstari, wakashika kaskazini. Makuli kwenye gati walisimama kuwapungia, kama ilivyokuwa desturi. Nyuma yangu, chini ya meza, yule mmoja aliendelea kuita.

Afisa alipofika, wenzake walikuwa wameshakwenda siku nyingi. Alikuwa mtu wa miwani, mchovu wa safari. Aliinama, akaitazama pete muda wa kumeza mate, akacheka. Akasema pete hizi huwekwa na wataalamu wa ndege huko ng'ambo, wapate kujua wanafika wapi, na kwamba jambo hili linajulikana. Akaagiza chai. Chai ikaletwa. Hakuna aliyesema samahani, si kwa ndege, si kwa Bibi, si kwangu.

Bibi mwenyewe alilibeba tenga mpaka kwenye matope na kulifungua. Sululu akatoka akiyumba, akakimbia, akaruka. Akazunguka juu ya ghala kama walivyofanya wenzake, akazunguka tena, akaita. Kisha akarudi akatua pale pale ukutani.

Katibu alikuwa amekuja kushuhudia. "Si nimemwachia?" akasema. "Mabawa anayo."

"Umemwachia mabawa," Bibi akamjibu, "ukamnyang'anya msafara."

Basi yule ndege akashinda nasi masika yote na kipindi chote cha kusi. Kila maji yalipokupwa nilimwona, mmoja peke yake kwenye matope mapana, akitembea kama mtu aliyesahau kitu. Bibi akawaambia wanawake kwamba fungu la msafiri halifunguliwi. Walinung'unika, na haki walikuwa nayo, maana masika ndiyo miezi ya njaa na mihogo ilikuwa haijakomaa. Mmoja akauliza iweje ndege mmoja afungiwe matope yote yale. Bibi akamwambia kwamba ofisi imemlia safari, sisi tusimlie pamba. Wakasonya, wakaenda kuchimba mbali zaidi, magoti yakiuma. Hakuna aliyeligusa fungu. Hata Mla Pamba za Watu. Katibu alipita gati kila asubuhi na baiskeli yake, shingo imenyooka mbele kama amemeza fimbo.

Kusi ilipochoka, wenzake wakarudi. Nilikimbilia ukutani nikatafuta miguu, si ndege. Niliiona pete ikimeta mara moja katikati yao, kisha wakachanganyika, na sikumjua tena. Nikamlilia Bibi kwamba nimempoteza. Akasema hiyo ndiyo shukrani yake, kutomjua tena kati ya wenzake.

Nilikua, nikaolewa na kijana wa hapa aliyekuwa mkimbizi kwetu, aliyepewa pamba na mama zetu alipokuwa hana kwao. Nchi yake ilipofunguka tukaja naye. Nimemzika hapa. Nilianza na cherehani ya mguu kwenye kibaraza cha mtu, mtaa wa Fordsburg, na leo mafundi wa nchi tano wanashona chini ya paa langu, sikubebwa na mtu. Lakini bado natafutwa pete mguuni. Benki, kliniki, hata kijana wa juzi juzi kwenye foleni: una karatasi, Gogo? Gogo kwao ni bibi. Sijawahi kuulizwa katika mji huu kama nimekula.

Wala sisemi kwamba kwetu pamebaki kuwa kwetu. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikuta matope yamefukiwa mawe, juu yake zege, juu yake makontena yamepangwa kama kabati. Bandari kubwa, watu wanapata kazi, vizuri. Ila bandari nzima hawakuweza kuacha upana wa mkeka? Niliwauliza vijana wa pale sululu wanatua wapi siku hizi. Wakaniuliza, ndege gani, Bibi? Walikuwa wapole. Upole wao ulinikasirisha kuliko tusi.

Jana nyaya zilikuwa tupu. Mbayuwayu wote wa mtaa wameshika njia, isipokuwa wazazi wale wawili wa dirishani kwangu, wanaoingia na kutoka na midomo imejaa. Kijana wa Lubumbashi amekuja tena asubuhi, akaitazama ngazi, akanitazama mimi. Nimekiweka kiti changu chini ya kiota, nashona vifungo. Nikamwomba aketi, nikampa chai na andazi. Akala, akasema patron atakuja mwenyewe.

Na aje. Ngazi yake iko ukutani, kiti changu kiko hapa, na juu yangu kinda mmoja tangu jana ameanza kusimama ukingoni mwa kiota na kupiga mabawa.