Povu la Mzee Bado

Jina la Mzee Bado alijitafutia mwenyewe. Alikuwa mpishi wa vitu vitamu hotelini, tangu nywele nyeusi hadi mvi, na kila mpishi mdogo aliyemletea bakuli likaguliwe aliambulia neno moja tu: bado. Watani wake walisema hata siku ya ndoa, alipoulizwa kama yuko tayari, mkewe alimfinya mapema asije akalitoa neno lake.

Binti yake, kitindamimba, ndiye aliyefuata kazi hiyo. Alioka keki nyumbani na kuuza. Pai ya limau ya kizamani, ile iliyompa baba sifa hotelini, aliijua yote isipokuwa povu. Ganda alikanda, uji wa limau alikoroga, lakini ikifika zamu ya kupiga ute wa mayai, baba alinyoosha mkono. "Lete hapa. Hili linataka sikio, na sikio lako bado." Akapiga mwenyewe, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza umbea wa nyumba ya pili, mpaka akasema, "Weka!" Hapo binti aliliweka juu ya uji ungali moto. Uji ukipoa, povu haliushiki. Huteleza na kuchuruzika maji.

Sasa macho ya mzee yalikuwa yamekwisha na mikono haina nguvu. Daktari alikuwa amewaambia wamrudishe tu nyumbani, wakae naye. Kitanda kikawekwa sebuleni, karibu na mlango wa jiko. Asubuhi moja akasema anataka pai.

"Povu utapiga wewe," akamwambia binti. "Mimi nitasikiliza."

Binti akageukia dirishani asionekane uso, akasahau kwamba baba haoni. Tangu utotoni alikuwa akilingoja neno lile. Alitaka baba amwambie weka, hata mara moja, kwa povu la mkono wake mwenyewe. Na alijua nafasi haziko nyingi.

Akaanza kukatakata siagi ndani ya unga kwa kisu.

"Siagi imelainika hiyo," sauti ikatoka kitandani. "Sisikii kisu kikigonga. Irudishe kwenye friji."

"Kaka, pumzika bwana!" alisema shangazi, dada wa mzee, aliyekuja kumuuguza. "Wewe hata malaika wakija kukuchukua utawaambia bado."

"Kama pai iko kwenye oveni, watakaa hapo kwenye kochi wasubiri."

Wakacheka wote watatu, na kicheko kikamwachia mzee kikohozi kirefu. Shangazi akamfuta midomo, akaenda uani kufua kitambaa.

Ganda liliokwa tupu, limelaliwa na maharage makavu juu ya karatasi lisivimbe. Uji ukachemka: maji ya limau, maganda yaliyokwaruzwa, sukari, viini, unga laini wa mahindi, ukaguna sufuriani mpaka ukang'aa. Binti akaumimina kwenye ganda, akavuta kigoda hadi kitandani, akapakata bakuli la ute na kuanza kupiga kwa kipigio cha waya.

Mwanzoni mlio ulikuwa wa miguu kwenye dimbwi.

"Bado," alisema mzee, macho ameyafumba.

Binti akatia sukari kidogo kidogo. Mlio ukawa wa mtu anayeburuta kanga sakafuni.

"Bado, mama. Usiuonee huruma mkono."

Akaendelea. Kisha mlio ukazama, ukawa mzito na laini, kama hatua za mtu juu ya zulia. Binti akausikia. Povu lilikuwa jeupe, linameremeta, limesimama wima. Akamtegea baba sikio.

Mzee hakusema kitu.

Ananipima, aliwaza. Anataka aone kama nitakata tamaa. Akaendelea kupiga, jasho likimtiririka shingoni. Mng'ao ukaanza kufifia. Hakuacha. Povu likakatikakatika vipande, kama pamba ya godoro la zamani, maji yakajikusanya chini ya bakuli. Bado alipiga, kwa sababu hajaambiwa weka.

Shangazi akarudi na kitambaa. Akamtazama kaka yake. Akamgusa mguu, akamgusa shavu, kitambaa kikamdondoka.

"Acha, mwanangu."

"Hajasema, shangazi."

"Acha kupiga, mama. Kaka ametutoka."

"Lakini hajasema!" Mkono haukusimama mpaka shangazi alipoukumbatia, kipigio na vyote.

Walipomaliza mazishi na watu kutawanyika, pai ilikuwa bado mezani imefunikwa kawa, uji umefanya ngozi juu. Hakuna aliyeigusa.

Binti angali anaoka. Pai ya limau anaiuza pia, na watu wanaifuata, ila juu iko wazi, ya manjano tupu. Mteja akiuliza povu liko wapi, shangazi humwahi: "Chukua hivyo hivyo, mwanangu, ni tamu." Ute wa mayai hautupi. Anautia kikombeni, anakifunika kwa kisahani na kumpelekea jirani, mwanamke mpenda kuoka keki. Hakaribishwi akakaa. Hukiweka kikombe mlangoni, akarudi kwake upesi upesi, kabla jirani hajaanza kuupiga.