Kipande cha Sentimita Kumi

Fundi wa kuchomelea vyuma, yule wa nyuma ya soko la mifugo, alizikwa Jumatatu kabla ya alasiri. Wengi wenu mnaosoma safu hii kwenye ubao wa shule mnamkumbuka kwa gari lake lililokataa kunyooka njia. Nyumba yetu ni ya pili kutoka kwake na nilimwita adeer, yaani ami, ingawa hatukuwa na undugu. Mimi huitika jina langu darasani kwa shida, kwa hiyo hili naliandika.

Gari lilikuwa chasisi ya mashindano isiyo na bodi ila injini ipo, iliyoundwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Nairobi wakaichoka. Ilikuwa juu ya lori ikienda Griftu kukatwa iwe geti la zizi. Mvua ikakata barabara, mwenye lori akaishusha kwa fundi. Basi kila Ijumaa baada ya swala alibadilisha mabomba yaliyoliwa na kutu, kwa kupenda tu. Michoro ilikuwa ya Kiingereza, hivyo mimi nilisoma na kupima, yeye akakata. Utepe wake wa kupimia ulikuwa umekatika mwanzoni, unaanzia sentimita kumi, na mtaa mzima ulijua: soma kipimo cha mchoro, ongeza kumi. Bomba la kulia niliongeza. La kushoto nilisahau. Nilipokumbuka alikuwa ameshalichomelea, nikanyamaza.

Siku ya kulijaribu, gari liliondoka vizuri, likapinda kushoto, likazunguka mbuzi wa watu, likarudi lilipoanzia.

"Wallahi gari hii ina adabu," akasema muuza ngamia mmoja. "Haiendi mbali na mama yake."

"Tumetengeneza hivyo," fundi akajibu bila kucheka. "Wewe ukipotea huko Wajir, nani atakurudisha?" Kisha akanigeukia kwa jina alilonipa kwa kumsomea michoro. "Mwalimu, kuna kitu tumesahau?"

"Hapana, adeer."

Akalifunika kwa turubai. Hakuuliza tena. Mji wetu una desturi ya kuilaumu mvua: barabara ni mvua, simu ni mvua, mwalimu asipofika ni mvua. Angeuliza mara ya pili, ningesema bomba limeharibiwa na mvua. Nilijiahidi kumwambia ukweli baada ya mitihani. Mitihani ilikwisha, nikaanza kungoja likizo.

Jana mama alinichukua tukatoe rambirambi. Mjane wake akaingia ndani, akatoka na kipande cha bomba kilichofungwa kwa gazeti, kimepigwa tupa ncha zote mbili.

"Alikata hii wiki ile ile ya gari," akasema. "Aliniambia ni yako, ukija kuuliza nikupe. Hukuja, abaayo, dada yangu."

Nimekipima kwa rula ya shule, isiyokatika. Ni sentimita kumi kamili. Alijua, na akaningoja niliseme mwenyewe, na mimi nikadhani anayengoja ana muda wote duniani. Ijumaa shemeji wa marehemu ataliunga bomba la kushoto. Nitakishika kipande mimi, na watu wa sokoni wakiuliza nani alipima, nitaitika.