Nyasi za Bonifasia

Wifi yangu Scholastica ni mkaidi, na leo namshukuru Mungu kwa ukaidi wake, ingawa siku zile nilimwambia maneno mengine. Tunaishi jirani, kijijini juu ya Mbinga mjini, kila mmoja na kahawa yake na mteremko wake wa ngoro, yale mashimo tunayochimba milimani ili mvua isiondoke na udongo.

Mwanawe Nicholaus ni daktari wa mifugo. Alipopata nafasi ya kusoma Ujerumani miaka miwili, akaruhusiwa kwenda na familia, mkewe Eunice alianza kuwaandaa watoto. Aliwanunulia makoti mazito ya mtumba sokoni Mbinga, akawavalisha kwenye jua la saa saba ili wayazoee. Akawafundisha kula kwa uma na kulala kila mtu kitanda chake. Mama yake, kule Liuli ziwani, akatuma usipa, dagaa wa kule, waliokaushwa, wajukuu wasisahau ladha ya Nyasa. Nikamwambia Eunice kwa harufu ile rubani atatua kabla ya kufika. Elias, mtoto mkubwa, alifurahi mno, akawa anaenda na koti lake mpaka kisimani.

Shida ilikuwa Bonifasia, wa miaka mitano, aliyekulia mgongoni kwa bibi yake Scholastica. Kila asubuhi Eunice alikuta begi limevurugwa, nguo za mtoto zimetolewa na khanga za Scholastica zimepangwa humo. Alidhani ni mchezo, mpaka mtoto alipouliza mbona bibi hajanunuliwa koti. Kumbe kila tuliposema familia inasafiri, mwenzetu alikuwa anamhesabu na bibi. Alipoelezwa, hakulia. Alivua viatu vipya, akavirudisha kwenye boksi, akasema yeye anabaki. Chakula akakigomea.

Nicholaus akashauri aambiwe kwamba bibi atafuata na ndege nyingine. Nami nikaunga mkono, maana uongo wa kumtuliza mtoto sikuuona dhambi. Scholastica akatukatalia wote.

"Akifika huko akaningoja nisitokee, atamwamini nani tena?"

Kesho yake akamchukua mjukuu kwenda shambani. Ulikuwa mwezi wa tatu, nami nilikuwa nachimba upande wangu, nikayasikia yote. Ngoro zina zamu zake. Tunafyeka nyasi, tunazilaza na kuzifukia kwa udongo wa mashimo, kisha tunapanda maharage. Yakitoka maharage, msimu unaofuata ni mahindi. Yakitoka mahindi, shamba linaachwa liote nyasi, na nyasi zikikatwa kazi inaanza upya. Wifi alimpa mtoto mbegu, wakapanda pamoja, huku akimweleza kuwa maharage hayo bibi atayavuna peke yake, na mahindi vilevile, lakini nyasi zikishakuwa ndefu wao watakuwa wamerudi.

Bonifasia alifikiri sana.

"Basi nyasi usikate, bibi. Nitakata mimi."

"Sikati," akajibu wifi.

Jioni ile mtoto alikula ugali, akavaa viatu vyake. Siku ya safari alipanda basi la Songea macho makavu. Aliyelia stendi ni mimi, na watu wakadhani ndimi bibi mwenyewe.

Maharage tukavuna, na mahindi tukavuna. Nyasi zilipoanza kuota, Scholastica akaugua kifua, akalazwa, tukaogopa. Nilipompelekea uji alinishika mkono, nikadhani ataniusia mambo ya nyumba. Akaniomba nisiruhusu mtu afyeke shamba lake. Nilikasirika, kisha nikatoka nje nikalia. Mungu ni mwema, akapona.

Mwezi wa tatu ukafika, wageni hawajafika. Tiketi zilikuwa zimesogezwa mbele. Mlima mzima ukachimbwa na kupandwa, likabaki shamba lake tu na nyasi zake zinazofika kifuani. Watu wakasema wifi amezeeka, ameshindwa jembe. Nami niligombana naye kila siku kwamba mvua zinaisha na nyasi haziliwi. Alinisikiliza, akaniongezea chai.

Walikuja mwezi wa nne, Jumamosi mchana. Elias sauti imekuwa nzito. Bonifasia alikuwa amerefuka, Kiswahili chake kimeanza kukwamakwama, nikaona ameshakuwa mtoto wa huko. Akatuamkia shikamoo, akamkumbatia bibi yake muda mrefu, kisha akamwacha. Nyumbani hakuingia. Alipita nyuma ya jiko mpaka ukingo wa shamba, nasi tukamfuata. Alisimama mbele ya zile nyasi, ndefu kumpita.

"Hukukata," akasema.

"Si nilikuambia?"

Akaomba mundu. Scholastica alikaa chini palepale kwenye tuta, akasema asante Mungu wangu, asante, na machozi yakimtoka hakuyafuta. Mimi nilikwenda kwangu kuchukua jembe.