Waya Juu ya Bucha

Wewe ungetaja jina lako hewani ukijua polisi wanasikiliza? Mwaka 1997 karani wetu alifanya hivyo kila jioni, katika ofisi ya kutetea haki iliyokuwa juu ya bucha, pale Majimbo, Embu. Kabla ya kuwasha modemu, chombo kilichotuma barua zetu kwa redio kupitia waya wa paani, alifunga dirisha na kufunika spika kwa sweta ili mlio wake usifike barabarani.

"Wacha woga, dada. Nchi haikombolewi na waoga," nilimwambia jioni tuliyotuma habari za wakulima waliopigwa na askari.

"Wewe ni mdomo tu," alininong'oneza. "Hii kitu lazima itaje namba yetu kwanza. Ofisi ya Nairobi ikiitambua, ndiyo inapokea barua. Na huyo mwingine anayesikia?"

Taa ikawa kijani, barua ikaenda. Yeye alikuwa akitazama mlango.

Kesho yake asubuhi nilikuta askari wawili wamemshika Khalifa, mwenye bucha, wakimuuliza waya wa paani ni wa nani.

"Wangu," alisema Khalifa. "Wa kusikiliza mpira."

Walipomsukuma kuelekea kwenye Landrova, karani alishuka ngazi.

"Mwachilieni mzee," alisema. "Anayeutumia ni mimi."