Kaskazini ya Ubaoni

Nikinusa maka peni tu, nakasirika. Mniwie radhi, ndivyo nilivyo. Harufu ile kali ilijaa darasa letu la nne, huko Kishapu, majuma yote aliyokaa kwetu Mwalimu Rehema. Alikuwa mwanachuo wa ualimu kutoka Tanga, amekuja kwa mazoezi ya kufundisha, akapewa Maarifa ya Jamii. Ramani zake alizichora kwenye viroba vya sukari vilivyofumuliwa, na alizichora vizuri, sikatai.

Somo lilikuwa pande kuu za dunia. Alitundika kiroba ubaoni akasema kaskazini ni juu ya ramani, kwa hiyo ni kule mbele, uliko ubao. Mashariki ni mkono wa kulia. Sasa fikirieni wenyewe. Sisi tulikuwa watoto wa wafugaji. Ukitumwa kutafuta ndama huambiwi "kule". Unaambiwa dakama, yaani kusini, na ukikosea unalala na njaa. Na ubao wetu ulikuwa kusini! Kila asubuhi jua lilituchoma shavu la kushoto huku tukiimba kwa sauti moja kwamba mashariki ni kulia.

Tuliimba siku nne mfululizo, maana mkufunzi wake alikuwa anakuja kumkagua, na asipofaulu safari hii angerudia mwaka. Alituambia mwenyewe, machozi yakimlengalenga. Tukazidi kuimba. Koo liliniwasha, nikawa nampenda na kumkasirikia kwa pamoja.

Mkufunzi akafika, mzee wa miwani, akaketi dawati la nyuma. Mambo yalikwenda vizuri mpaka aliponinyooshea kalamu.

"Binti, hebu inuka. Kaskazini ni wapi?"

Jibu la kumwokoa mwalimu nililijua. Mkono ukakataa, ukaelekea nyuma, kule kule alikoketi yeye. Akachungulia jua dirishani, akatazama kiroba, kisha akaandika kwa muda mrefu.

Baada ya kipindi Mwalimu Rehema aliniita nje. Nilitegemea fimbo.

"Mlikuwa mnajua?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wote?"

"Wote, mwalimu."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Wewe si ndiye mwalimu?" nikamjibu, nikilishangaa swali lenyewe.

Alirudia mwaka. Kwa muda mrefu nilijilaumu kwa mkono ule, kisha nikakilaumu chuo kilichompa ramani bila kumwambia atoke nje kwanza atazame jua. Siku hizi mimi mwenyewe ni mkufunzi, Shinyanga mjini, na kila ninapokwenda kukagua mazoezi naikuta kaskazini imetundikwa ubaoni. Inachosha jamani! Lakini ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumekwisha kumwangusha zile siku nne, sisi watoto arobaini wenye adabu, tuliomwona anapotea tukamwitikia, "Ndiyo, mwalimu."